Tahadhari: Hesabu ya Leo Isiguswe

Lengo halifi kwa siku moja.

Linamegwa. Shilingi 2,000 asubuhi. Nusu saa mchana. Shilingi 1,000 nyingine jioni, eti kurudisha ile ya asubuhi. Mwisho wa mwezi hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyefukuzwa kazi, hakuna aliyeugua. Lakini hesabu haikutimia. Na hesabu isipotimia, lengo limekwenda na maji.

Hii ni tahadhari kwa vijana wa Mwanza na kwa kila anayeishi kwa jasho la siku kando ya Ziwa Victoria. Dereva wa bodaboda wa Buhongwa. Mvuvi wa dagaa wa Igombe. Mama anayeanika dagaa Kayenze. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayesubiri mtihani wa Novemba. Kila mmoja wao ana jambo moja kubwa analolitaka. Na kila mmoja ana kiasi cha kutoa kila siku ili jambo hilo litimie. Madereva wa bodaboda hukiita hesabu. Humu nitakiita hivyo kwa wote.

Hesabu hiyo inaguswa. Inaguswa kila siku. Wanaoigusa wengi wao ni wenye nayo wenyewe.

Kijiweni, saa nne asubuhi

Simama kwenye kijiwe cha bodaboda Igoma au Buhongwa saa nne asubuhi. Pikipiki sita zimepangwa. Madereva watano wameinamia simu. Mmoja anapanga mkeka wa kubeti wa timu kumi na mbili: nne za Uingereza, mbili za Uturuki, zilizobaki za ligi daraja la pili la nchi ambayo hata mji wake mkuu haujui. Anamuuliza mwenzake kama hii ya nyumbani itafungwa. Mwenzake hajui. Wanaweka hivyohivyo.

Ng'ambo ya barabara mama mmoja ameshika mfuko wa mchele. Amepunga mkono mara ya kwanza. Amepunga mara ya pili. Anasonya, anatembea mpaka kijiwe cha mbele.

Nauli ya 2,000 imeondoka. Buku la mkeka, shilingi 1,000, limeondoka. Na bado ni saa nne.

Sasa tazama kilicho nyuma ya hasara hiyo. Vijana wengi wanaendesha kwa mkataba. Tajiri ananunua pikipiki, dereva anapeleka hesabu kila siku, muda uliokubaliwa ukiisha pikipiki inakuwa ya dereva. Tuseme hesabu ni shilingi 10,000. Kwa miezi tisa kijana amepeleka 2,700,000. Imebaki miezi michache awe na chombo chake, kadi yenye jina lake, na uhuru wa kula kila anachokipata.

Mwezi wa kumi anaanza kukosa hesabu. Siku moja. Siku mbili. Anaahidi Jumamosi, maana Jumamosi kuna mechi nyingi. Jumamosi mkeka unachanika. Jumatatu tajiri anakuja na ufunguo wa akiba.

Mikataba mingi haina huruma. Pikipiki inaondoka. Milioni mbili na laki saba hazirudi.

Waulize waliopokonywa. Wengi hawatakutajia hasara moja kubwa. Watakutajia buku, buku, buku.

Namba za mkeka

Tuzungumze namba, maana namba hazina ushabiki.

Chukua timu kumi nzuri. Tuseme kila moja ina nafasi 70 kati ya 100 ya kushinda. Hizo ni timu unazoziamini. Ukiziweka zote kwenye mkeka mmoja, nafasi ya zote kumi kushinda haifiki 3 kati ya 100. Zikiwa timu za nusu kwa nusu, nafasi yako ni 1 kati ya 1,024.

Mwenye kampuni ya kubeti anazijua namba hizo. Ndiyo maana anaahidi mamilioni kwa buku. Anajua mara ngapi atalipa.

Utasema: fulani wa Mkolani alishinda. Ni kweli, wapo wanaoshinda. Aliyeshinda anatangazwa mji mzima. Walioshindwa siku hiyohiyo hawatangazwi, na wao ndio waliomlipa.

Kisha wapo wanaouza mechi za uhakika kwenye makundi ya simu. Elfu tano, upewe timu ambazo matokeo yake yamepangwa. Jiulize swali moja tu. Mwenye uhakika wa mamilioni anataka elfu tano yako ya nini?

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 inasimamia biashara hii, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini simu ya kaka haiulizi umri wa mdogo wake. Majirani zetu wa ziwa hili wameshashtuka. Januari 2019 Rais Museveni wa Uganda aliagiza zisitolewe leseni mpya za kubeti. Julai mwaka huohuo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Aprili 2025 Kenya ikasimamisha matangazo yote ya kubahatisha kwa siku 30. Serikali hazichukui hatua kama hizo kwa mchezo wa kupitisha muda.

Usisubiri hatua ya serikali ndipo ufute programu kwenye simu yako.

Siyo mkeka peke yake

Mkeka unaonekana kwa sababu unachukua pesa. Kuna kinachochukua muda, na muda ni hesabu vilevile.

Saa tatu kwa siku kwenye video fupi, umbea wa makundi na magoli ya jana ni saa 1,095 kwa mwaka. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa nane. Ni karibu siku za kazi 137. Mtu anayesema hana muda wa kujifunza ufundi amekaa karibu siku 137 akisogeza kidole.

Hasara haiishi unapoiweka simu chini. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu watu wanaoruka kutoka kazi moja kwenda nyingine. Aligundua kwamba sehemu ya akili hubaki kwenye kazi iliyoachwa, na kazi mpya hufanywa vibaya zaidi. Kila fundi analijua hili bila maabara. Kipimo kinachochukuliwa huku jicho likiwa kwenye ujumbe hurudiwa. Mbao hukatwa fupi.

Barabarani mbao hairudiwi. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha utafiti ulioyataja majeraha ya pikipiki kuwa tatizo la afya ya jamii linaloibuka jijini Mwanza. Hiyo ilikuwa kabla ya kila dereva kuwa na simu ya kioo mbele ya macho yake. Leo dereva anafuata matokeo ya mechi huku amebeba abiria. Akili nusu barabarani, nusu uwanjani.

Muulize abiria aliyevunjika mguu kama nusu inatosha.

Mwaloni

Nenda mwaloni. Huko hesabu ina kalenda yake.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Enzi zile ilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za umeme wa jua. Kazi iko kwenye giza. Mbalamwezi ikishika, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo mvuvi anapata pesa kwa mkupuo wakati wa giza, kisha anakaa siku kadhaa bila kazi huku mgao ukiwa mfukoni.

Siku hizo ndizo za hatari.

Kijana ameingia ziwani akiwa na lengo moja: asife kibarua. Anataka mtumbwi wake, au walau hisa kwenye mtumbwi. Amekesha usiku mwingi kwenye baridi na mawimbi. Mgao unatoka. Mbalamwezi inaanza. Banda la kuonyeshea mpira liko hatua chache kutoka ufukweni, baa iko jirani, na simu ina bando. Giza linaporudi anamkopa tajiri wa mtumbwi hela ya kula, anaingia ziwani akiwa na deni. Atavua mwezi mzima kulipa mbalamwezi iliyopita.

Mwaka wa pili ni hivyo. Mwaka wa tano ni hivyo. Ana miaka arobaini na bado ni kibarua kwenye mtumbwi wa mwingine. Ziwa lilimlipa. Mfuko ulikuwa wazi.

Hatua chache kutoka hapo kuna mama mwenye dagaa juani. Hesabu yake ni jicho. Dagaa huanikwa, hugeuzwa, huanuliwa mvua isije ikawakuta. Mawingu ya ziwa hayapigi hodi. Dakika ishirini za simu zinatosha. Dagaa walionyeshewa hawapati bei ya chakula cha watu. Wanaishia kwenye chakula cha kuku, kwa bei ya chakula hicho. Mtaji wa kikundi chake kizima umeshuka kwa sababu ya video moja iliyofuatwa na nyingine.

Na yupo mwanafunzi. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika Novemba. Tarehe haisogei kwa sababu mtu alikuwa na simu. Anafungua simu kutafuta swali la fizikia. Anaifunga baada ya saa moja, swali halijaonekana. Mzazi anaona mtoto ameinama na daftari liko mbele yake, anaridhika.

Mzazi, usiridhike na mgongo ulioinama. Muulize swali alilolitatua.

Linavyosambaa

Madhara haya hayabaki kwa mtu mmoja.

Wenyeji wa ziwa hili wanajua jinsi jambo dogo linavyofunika maji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji lilionekana ziwani kama ua la zambarau linaloelea. Miaka ya 1990 ghuba nzima zilizibwa, mitumbwi ikashindwa kutoka, mialo ikakaa kimya. Lilipokuwa mche mmoja lingeng'olewa kwa mkono.

Tabia hii inaenda hivyo. Dereva anakosa hesabu. Ili asinyang'anywe pikipiki, anakopa. Anakopa kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, anaacha kitambulisho au kadi ya benki kama dhamana. Au anakopa kwenye programu ya simu, inayosoma majina ya watu wote aliowahifadhi na kuwatumia ujumbe wa kumwaibisha akichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sitini na tisa.

Kisha deni linaingia nyumbani. Mtaji wa mke wa kuuza nyanya unalipa riba. Fedha ya kikoba inaguswa. Sare ya mtoto inasubiri. Mdogo mtu anamwona kaka akipanga mkeka kila asubuhi, na anajifunza kwamba hivyo ndivyo mwanaume anavyotafuta pesa. Mwaka unaofuata anaomba namba ya siri.

Halafu kijiwe. Kijiwe chenye watu wawili wanaobeti kwa sauti kinakuwa cha watu wanane baada ya miezi michache. Nani anataka kukaa nje ya mazungumzo?

Halafu tajiri. Akipokonya pikipiki tatu, wa nne hampi mkataba. Anampa kwa siku, bila njia ya kuimiliki. Mlango uliokuwa wazi kwa vijana wasio na dhamana unafungwa kwa wote, pamoja na yule ambaye hajawahi kugusa mkeka.

Tusipokemea sasa, huko ndiko tunakokwenda. Jiji litakuwa na vijana wengi wenye kazi na wachache wenye mali. Watakuwa na simu nzuri, na deni kwa watu wasiowajua.

Yale mengi mazuri

Kuna mwizi mwingine ambaye hatumkemei kwa sababu ana sura ya bidii.

Kijana ana hesabu ya pikipiki. Katikati anasikia mitumba inalipa, anachomoa laki moja ya hesabu anunue belo kwa kushirikiana na wenzake. Kabla mitumba haijauzwa anasikia Geita kuna mwamba umetema dhahabu, anaacha pikipiki wiki mbili kwenda kuona. Akirudi kuna jamaa anamwambia pesa yake itazaa mara mbili kwa mwezi. Watu wazima wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu wa kupanda na kuvuna pesa. Watu walipanda mbegu, walioingia mapema wakavuna, na mwaka 2009 shamba likafungwa. Waliopanda mwishoni walibaki na karatasi.

Sisemi mtu awe na kazi moja. Maisha ya Mwanza hayaruhusu, na wengi wanaofika mbali wana shughuli mbili au tatu. Kipimo ni hiki: shughuli ya pili inaleta hesabu au inakula hesabu? Ukiuza maji ya kunywa kijiweni na faida ikaongeza hesabu ya pikipiki, hiyo ni nguvu. Ukichukua hesabu ya pikipiki ukafungulia biashara ya maji, umevunja nyumba ili ujenge kibanda.

Sisemi pia mtu asipumzike. Nenda uwanja wa CCM Kirumba, ishangilie timu ya Pamba Jiji mpaka sauti ikauke. Kutazama mpira ni starehe. Kutazama mpira huku hesabu ya kesho ikiwa imewekwa rehani kwenye kona ya dakika ya tisini siyo starehe.

Mkoa huu uliwahi kuweza

Watu wa ziwa hili siyo wageni wa kushika jambo moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa na malalamiko mengi: bei, usafiri, mbegu, amri za utawala wa kikoloni. Lakini wakulima na viongozi wao, Paul Bomani akiwa mbele, walianzia kwenye jambo ambalo kila mkulima aliliona kwa macho yake.

Mizani.

Pamba ilikuwa ikipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hapo ndipo waliposimama. Pamba ipimwe sawasawa, na mkulima awe na mtu wake wa kuisimamia mizani. Mkulima asiyejua siasa alielewa. Asiyejua kusoma alielewa. Kutoka kwenye mizani walijenga vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Muungano huo ulikuja kununua pamba ya kanda nzima na kumiliki viwanda vya kuchambulia. Ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Bomani mwenyewe, baada ya uhuru, alikuwa Waziri wa Fedha.

Sehemu ya pili ya habari hiyo haisimuliwi sana. Ushirika ulipokua, mikono ikawa mingi na kazi zikawa nyingi. Malalamiko ya usimamizi mbovu yakaongezeka, mengi kutoka kwa wakulima wenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kabla ya miaka ya 1960 kuisha, muungano ule ulikuwa umevunjwa na kuundwa upya kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Chombo kilichoanza kwa kuilinda mizani kilifika mahali mkulima akawa analalamikia chombo chenyewe.

Basi hata walioshika kwa nguvu wanaweza kuachia. Kushika ni kazi ya kila siku.

Hatua za sasa

Hatua ni chache. Hazihitaji semina. Zinahitaji kuanza leo.

*Moja: taja lengo moja, kwa kiasi na tarehe.* "Nataka maisha mazuri" siyo lengo. "Pikipiki iwe yangu ifikapo Juni" ni lengo. "Niweke 900,000 kununua hisa ya mtumbwi kabla ya Krismasi" ni lengo. Mwambie mtu mmoja ambaye hakuogopi: mama yako, mke wako, katibu wa kikoba. Mpe ruhusa ya kukuuliza kila Jumapili. Akikuuliza, jibu kwa kiasi.

*Mbili: hesabu itoke kwanza.* Isisubiri jioni. Fedha ya kwanza ya siku ni ya hesabu mpaka itimie. Itume kwa tajiri. Au ipeleke mahali ambapo huwezi kuitoa peke yako saa nne usiku. Vikoba vinajua siri hii: sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Lengo lako nalo liwe na kufuli ambayo ufunguo wake huna.

*Tatu: iondoe njia.* Usijiapize kwamba utajizuia. Futa programu ya kubeti. Toka kwenye makundi ya mikeka na mechi za uhakika. Iombe kampuni ifunge akaunti yako. Saa za hesabu, zima data. Mteja wa kweli atapiga simu ya kawaida. Mwanafunzi aache simu chumba kingine, siyo mfukoni, siyo chini ya daftari.

*Nne: panga mbalamwezi kabla haijaja.* Mvuvi, mgao ukitoka, sehemu ya lengo itoke palepale mwaloni, kabla hujapita kwenye baa. Viongozi wa mialo, wekeni siku ya kikoba iwe siku ya mgao, siyo wiki moja baadaye. Wiki moja baadaye hakuna kitu.

*Tano: kijiwe kiwe na sheria.* Mwenyekiti wa kijiwe, una mamlaka kuliko unavyodhani. Aliye wa kwanza kwenye foleni, simu mfukoni, macho barabarani. Akipitwa na abiria kwa sababu ya simu, arudi nyuma ya foleni. Mfuko wa kijiwe usikopeshwe kwa ajili ya mkeka. Anayemsajili mtoto kubeti kwa namba yake atajwe hadharani.

Na kama umeshaanguka, kuna hatua moja kabla ya hizo tano. Nenda kwa tajiri leo, kabla hajakufuata. Mwambie unachodaiwa, na useme utakilipa lini. Matajiri wengi wanapenda pesa inayochelewa kuliko pikipiki inayokaa uani bila dereva. Usikope kausha damu kulipa hesabu. Deni la tajiri linazungumzika. Deni la kausha damu linakua ukiwa umelala.

Neno la mwisho kwa anayesema "kesho"

Hesabu ya kesho haikudai leo. Hesabu ya mwaka mzima nayo haikudai leo. Inayokudai ni moja.

Usitafute nguvu ya kushinda mwaka mzima. Hakuna aliye nayo. Tafuta ya kuilinda elfu kumi ya leo, saa mbili za kusoma, jua moja la dagaa. Jioni jiulize swali moja: imefika au haijafika?

Kama imefika, lala. Kama haijafika, iangalie simu yako, soma miamala yote ya leo mpaka uone pesa ilikopotelea, kisha ufunge njia hiyo usiku huuhuu.

Kesho asubuhi kijiwe kitakuwepo, mkeka utakuwepo, na jamaa wa mechi za uhakika atatuma ujumbe. Fedha ya kwanza itakayoingia mkononi mwako ina mwenyewe.

Isiguswe.